Mchumba wa Mumiani

Nzi hana kazi Uholanzi mwezi wa Desemba. Baridi ikishaushika mto IJssel na ukungu ukalala juu ya mapaa, nzi wote huwa wamekufa. Kwa hiyo Aleida Wolbers alipomwona mmoja, mnene, tumbo la kijani linalometameta, ametua katikati ya picha maarufu kuliko zote mjini, alidhani amechorwa. Wachoraji wa zamani walipenda mzaha huo: wanachora nzi ili mtazamaji anyanyue mkono kumfukuza. Akasogea karibu. Nzi akatikisa mabawa. Akayatikisa tena, kwa nguvu, mpaka yakalia kama mkanda wa mashine, lakini hakuruka.

Alikuwa amenasa. Rangi ya miaka zaidi ya mia tatu, na nzi amenasa humo kama kwenye asali.

Picha yenyewe kila mtu mjini aliijua kama anavyojua ngazi za kwao. Ilichapwa kwenye makopo ya chai, kwenye miavuli, kwenye mataulo ya jikoni. Meza yenye kitambaa cheupe, glasi ya divai, limau lililomenywa nusu. Na katikati, juu ya sahani ya bati, biskuti ya viungo yenye umbo la mwanamume mzima, na kofia yake, na ndevu zake, na vifungo vya koti, mikono kiunoni. Kahawia ya biskuti hiyo ndiyo iliyowatoa watu Ujerumani kuja kuitazama. Haikuwa ya udongo, haikuwa ya mbao. Ilikuwa na joto lake, na unyevu kwa mbali, kama kitu kilichotoka tanurini sasa hivi na bado kinapumua.

Biskuti ya namna hiyo wao huiita mchumba. Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi ikifika, kijana humpelekea msichana mchumba wa biskuti, na mji mzima unajua sheria: msichana akianza kula miguu, amekataa kwa adabu, akianza kichwa, amekubali, na mkate uliomegwa haurudi kuwa unga. Siku hizi ni mchezo tu. Lakini nenda ukawasikilize vikongwe kwenye kahawa yao ya saa nne, bado wanasutana nani alimla nani kichwa.

Aleida alikuwa na shahada mbili za historia ya sanaa na miaka minne ya barua zinazoanza na "tunasikitika". Alikuwa amepanga makopo ya supu kwenye rafu za duka. Alikuwa ametembeza mbwa wa watu na kuokota mavi yao kwa mfuko wa plastiki, huku kichwani mwake amebeba majina ya wachoraji mia mbili ambao hakuna aliyemuuliza hata mmoja. Sasa makumbusho ya mji yalikuwa yamemchukua kwa majaribio. Kazi: kuandika maelezo ya ukutani ya picha hii moja, inayosafishwa ili ifunuliwe upya siku ya sikukuu. Maelezo yakipendwa, ajira ya kudumu. Yasipopendwa, mbwa.

"Aleida, dada yangu," alikuwa amemwambia mkurugenzi, Diederik Roelvink, mtu wa skafu za hariri na meno mengi, "usinimwagie usomi humo. Watu hawaji kusoma tasnifu. Tia mdalasini. Tia bibi na aproni yake. Mtu akimaliza kusoma atamani kula. Iwe *lekker*, umenipata?"

*Lekker* ni neno lao la kila kilicho kizuri. Supu *lekker*, usingizi *lekker*, jua *lekker*. Ukikaa nao vya kutosha utalisikia hata matangani.

"Nimekupata," alisema Aleida. Mwenye njaa habishani na mpishi.

Lakini sasa kulikuwa na nzi. Akamwita Machteld, fundi wa picha, mwanamke mkavu aliyeshinda karakanani akimumunya pipi nyeusi za chumvi. Machteld hakushtuka. Alichukua kibano, akamvuta nzi taratibu. Nzi akatoka. Miguu yake ikabaki kwenye picha.

"Haikauki," alisema Machteld. "Kila kitu hapa kimekauka kama mfupa, limau, glasi, sahani. Yeye tu ndiye mbichi."

"Yeye nani?"

"Sogea uone mwenyewe. Ulikunywa chai?"

"Nimekunywa, na mkate wa jibini."

"Pole."

Akamsogezea hadubini. Chini ya kioo kahawia ile ilikuwa nchi nzima: mabonde ya lami, vipande vya mfupa vinavyong'aa kama sukari, na katikati kitu chembamba kilichojikunja.

"Unywele wa brashi," alisema Aleida.

"Brashi haina ukope, mama."

Machteld akasogeza picha kidogo. Kikaja kipande kingine, bapa, chenye vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga, kama ganda la chungwa. Aleida alikitazama kwa muda kabla ya mwili wake kuelewa. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, pale juu ya kiwiko, penye vinyweleo.

"Mumiani," alisema Machteld.

Neno hilo Waswahili tunalijua. Ndilo tulilotishiwa utotoni tusizurure magharibi, tukadhani ni uongo wa wazazi. Huku lilikuwa bidhaa. Lilikaa kwenye mtungi wa muuza dawa, likapimwa kwa mizani, likasagwa. Mgonjwa wa kifua akanywa kijiko kwa divai, mchoraji akaondoka na kifuko chake cha rangi. Maiti wa Misri, aliyekaushwa kwa lami na viungo. Na Wamisri walipoadimika, alieleza Machteld akihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile, wauza dawa hawakufunga duka. Walitafuta maiti za karibu. Za bei nafuu. Zisizo na mwenyewe.

"Kwa hiyo huyu si Mmisri?"

"Ukope ni mwekundu, Aleida. Huyu ni wa hapa hapa."

Hapo ndipo harufu ilipoanza. Asubuhi nzima karakana ilinuka tapentaini na sabuni, hakuna kingine. Lakini sekunde ile aliyojua, pua yake ilifunguka kama mlango uliopigwa teke. Mafuta yaliyoungua. Nywele zilizoungua. Na juu yake, kama marashi kwenye kidonda, karafuu. Alikimbilia sinki. Jibini likarudi, chai ikarudi, na alipoinua uso akamwona mwanamume wa biskuti, mikono kiunoni, akimtazama kama mtu aliyesifiwa.

*

Diederik alimsikiliza kwa kutafuna mguu wa kalamu.

"Mtu," alisema.

"Mtu. Amesagwa."

"Aleida, bibie. Siku ya sikukuu watakuja watoto na matarumbeta. Meya atakuja. Mama yako anaoka mchumba kama wa kwenye picha kwa kila mgeni, kibao kipya cha kumfinyangia kimechongwa kwa ajili hiyo. Na wewe unataka nibandike ukutani kwamba wanamtazama marehemu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mambo mengi ndivyo yalivyo. Soseji pia ndivyo ilivyo, na tunakula." Akatabasamu, meno yote kazini. "Mdalasini. Bibi. Aproni. Neno moja zaidi ya hapo, tunaagana kwa amani."

Aleida alikuwa tayari mlangoni. Neno alilolisikia ni mama yako.

Mama yake, Hendrikje, alikuwa mjane, mwoka mikate, mwanamke wa mikono minene na kicheko cha kufungua madirisha. Aleida aliishi naye juu ya duka, kwenye chumba kile kile cha utotoni, na hilo nalo lilikuwa na aibu yake. Alivuka uwanja akikimbia. Alimkuta mama amesimama mbele ya tanuri, na juu ya meza wa kwanza kutoka kwenye kibao kipya: mchumba wa urefu wa mkono, vifungo, ndevu, mikono kiunoni.

Hakuwa na kichwa.

"Mama. Kichwa kiko wapi?"

"Kiko wapi? Kimeonjwa!" alicheka Hendrikje, akijifuta makombo kidevuni. "Mwoka asiyeonja ni mwizi. Na nimwanze miguu kwa nini, nimkatae? Tangu baba yako afe sijaposwa, mwanangu. *Lekker* huyo. Sijawahi kuoka kitu kama hiki. Sijui ni kibao au ni nini."

"Uliweka nini humo?"

"Unga, siagi, sukari, viungo. Una nini wewe? Umekuwa mweupe kama kinyesi cha njiwa."

Aleida alimweleza. Alieleza kila kitu, ukope, ngozi, mitungi. Mama alisikiliza akiwa na uso wa mtu anayesimuliwa ndoto ya mwingine. Mwisho alisema, kwa sauti ya chini ambayo Aleida hakuizoea:

"Hivyo bado hajakauka? Maskini. Atakuwa anasikia baridi."

*

Siku zilizofuata Aleida aliandika mdalasini. Aliandika bibi, akaandika aproni, akaandika "harufu ya utoto", na kila alipomaliza sentensi ulimi wake ulipata utando, kama mtu aliyelamba sufuria ya juzi. Alipiga mswaki mpaka ufizi ukatoa damu. Ladha haikutoka. Aliacha nyama, akaacha mkate, akaacha kahawa kwa sababu ya rangi yake.

Mama yeye alikula. Alikula vitu vya kahawia tu: makoko yaliyokwaruzwa kwenye trei, mafuta ya nguruwe yaliyogandia kikaangoni, gundi ya sukari iliyoungua. Alivila kwa vidole, na vidole vikabaki vya kahawia, na hakuvinawa. Alianza kuandaa sahani mbili mezani wakati Aleida akila chumbani kwake. Alianza kukaa begani kwa tanuri mchana kutwa, akiwa ameegemea pembeni kidogo, namna mwanamke anavyoegemea mwanamume kwenye benchi. Shingo yake ilinuka mafuta yaliyoungua, na karafuu. Nzi walikuja. Desemba hiyo hiyo, barafu kwenye mitaro, nzi walikuja wakapanga mstari kwenye kola yake, na alipopita karibu na dirisha wakanasa mmoja mmoja kwenye ngozi yake na kubaki hapo, wakitikisa mabawa.

"Mama, una nzi."

"Waache. Yeye hawaoni kuwa shida."

"Yeye nani, mama?"

Mama akacheka kicheko kidogo, cha aibu, cha msichana. Meno yake yalikuwa na utando wa lami.

Siku moja kabla ya sikukuu, alasiri, saa ile ambayo huku jua linazima taa kabla mtu hajamaliza kusaga chakula cha mchana, Aleida alikuwa juu akiandika aliposikia sauti kutoka chini, sauti ya kutafuna, kavu, ya sukari inayovunjika, ikiendelea, ikikoma, ikiendelea tena, na katikati yake kitu kama mtu anayenong'ona huku kinywa kimejaa, na ingawa miguu yake ilikuwa imekataa kabisa alishuka, ngazi baada ya ngazi, mkono ukutani, na kila ngazi harufu ilizidi kuwa nzito mpaka ikawa si harufu tena bali kitu cha kupenya kwa bega, na alipofungua mlango wa jiko la kuokea akamwona mama yake amekaa sakafuni mbele ya tanuri lililo wazi, amewazungushia mikono wachumba wote aliowaoka kwa ajili ya kesho, trei kwa trei, mamia, amewalaza mapajani na kifuani, akijipapasa uso kwa mmoja wao, taratibu, na nywele zake za mvi zilikuwa zimeanza kuungua kwenye ncha na hakuwa anajitoa.

Aleida alimvuta kwa kwapa. Mwili ulikuwa mzito kuliko mama yake.

"Muache," alisema mama, na sauti haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mwanamume, nene, yenye mchanga. "Mke wa mtu huyo."

Aleida alikuwa amesoma mambo mengi na hakuna lililomfundisha hili. Lakini yapo maswali ambayo mtu huyajua bila kufundishwa.

"Wewe ni nani?"

"Mchumba."

"Jina."

Kicheko. Makombo yakatoka puani mwa mama. "Jina! Msichana wa kwanza kuniuliza. Lubbert. Lubbert Kaak, mgongomea farasi viatu vya chuma, wa mtaa wa nyuma ya kanisa."

"Walikuua wakakusaga," alinong'ona Aleida. Alikuwa anatafuta huruma ndani yake, akidhani huruma itasaidia. "Maskini. Hukuwa na kosa."

"Nani kasema?" Uso wa mama ulijikunja kwa kuudhika, kama fundi aliyedharauliwa. "Nilikuwa nalo. Yupo binti mmoja nilimpelekea biskuti, akaianza miguu. Mbele ya watu. Akavunja mguu, akala, akacheka. Nikamngoja kisimani, nikamshika hapa." Vidole vya kahawia vikashika koo la mama mwenyewe, vikabinya, na mama akakoroma. "Nikamnyonga. Nao wakaninyonga. Halali. Muuza dawa akaninunua kamba ikiwa bado shingoni. Hakuwa na tanuri la kunitosha, akakodi la mwoka. Hili."

Aleida aligeuka kulitazama tanuri, matofali yake meusi, mdomo wake mpana, tanuri la ukoo wa mama yake tangu enzi na enzi.

"Nilikaa humo mpaka nikawa mkavu, mimi na mikate ya Jumapili, safu moja. Mji mzima ulikula. Halafu wakanisaga. Nusu yangu wamenikohoa na kuninya. Nusu wamenipaka. Na tangu hapo wanasimama mbele yangu, wanawake kwa wanaume, wananitamani, na hakuna anayejua anamtamani nani. Unajua uchungu wake? Kupendwa na watu wasiokujua?"

"Toka kwa mama yangu."

"Amekula kichwa. Amekubali."

"Unataka nini utoke?"

Tanuri lililia chini chini. Nzi wote waliokuwa kwenye kola ya mama walinyamaza kwa pamoja.

"Wewe ndiye unayeandika ukutani," ilisema sauti, laini sasa, karibu ya kubembeleza. "Niandike. Kila kitu. Waambie wanachokitazama. Kesho wakijua, namwacha huyu mzee. Nitamtoka kama jino bovu. Usiponiandika, kesho naye atakuwa mkavu."

Kisha ukatoka upepo kinywani mwa mama, wa nywele zilizoungua, na Hendrikje akaanguka begani kwa binti yake, mwepesi tena, akilia kama mtoto: "Mwanangu, nina kitu mdomoni. Kitoe. Kitoe."

Aleida akatia vidole. Hapakuwa na kitu. Vidole vilitoka vya kahawia.

*

Hakulala wala hakubishana na nafsi yake kwa muda mrefu, ingawa nafsi ilijitahidi. Ajira ya kudumu. Chumba chake mwenyewe. Kutookota tena mavi ya mbwa wa mtu mwingine. Nafsi ilitaja yote hayo, na chini ya sakafu mama yake akawa anatapika kitu ambacho hakikubali kutoka. Aleida akaandika. Na jambo la ajabu, kadiri alivyoandika ukweli utando ulimtoka ulimini, na kwa mara ya kwanza tangu karakanani alimeza mate yake bila kichefuchefu. Akajidanganya kwamba hiyo ni dhamiri.

Asubuhi aliingia makumbusho kabla ya Diederik, akabandua bibi na aproni, akabandika hivi:

*Kahawia ya biskuti hii ni mtu. Anaitwa Lubbert Kaak. Alimnyonga msichana aliyemkataa, naye akanyongwa. Aliokwa pamoja na mikate katika tanuri la mji huu, akasagwa. Nusu yake wazee wetu waliinywa kama dawa. Nusu hii unaitazama. Ukiona tamu, ni yeye.*

Watu wakaja na matarumbeta. Diederik alihutubia, meya akahutubia, pazia likavutwa. Hendrikje alikuwa amekalishwa kwenye kiti ukutani, amefungwa shali hadi kidevuni, rangi yake ya majivu. Alikuwa hajiwezi lakini hakukubali kubaki nyumbani, miguu yake ilitembea yenyewe. Trei za wachumba zilizunguka. Na watu, kama kawaida ya watu makumbusho, walitupia picha jicho moja na kwenda moja kwa moja kwenye maandishi.

Walio mbele wakanyamaza. Ukimya ukarudi nyuma safu kwa safu. Bibi mmoja akaweka kitambaa mdomoni. Mwanamume wa ndevu akairudisha biskuti kwenye trei kama inayouma. Aleida aliona nyuso zikikunjamana kwa kinyaa na moyo wake ukaruka: wacha watapike. Wacha watapike wote, wabomoe makopo yao ya chai na miavuli yao.

Diederik alikuwa anapasua umati kumfuata, shavu linamcheza.

"Wewe," alinong'ona. "Wewe umenimaliza."

"Kweli huyu ni mtu?" aliuliza bibi wa kitambaa, bila kumuuliza yeyote. Alikuwa ameinama. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia turubai. "Hebu... hapa shavuni. Unaona? Sasa ndiyo naiona."

"Niliipita kila mwaka," alisema mwingine. "Nikadhani ni biskuti tu."

"Ina uhai kumbe."

"Mungu wangu, inatia kichefuchefu. Nipishe kidogo nami nione."

Simu zikatoka. Watu wakasukumana, si kutoka, kuingia. Wa nyuma walisomewa na wa mbele, kwa sauti kubwa, na kila aliyesikia jina akalirudia, Lubbert, Lubbert, kama watu wanaotambulishwa kwa mgeni wa heshima. Kisha Aleida akasikia sauti aliyoijua: kavu, ya sukari inayovunjika. Mwanamume wa ndevu alikuwa ameirudia biskuti yake. Alimtazama wa kwenye picha, akamtazama wa mkononi, akacheka kidogo kwa aibu, akang'ata kichwa.

Mwingine akang'ata. Meya akang'ata. Machteld, na pipi yake bado shavuni, akang'ata. Ukumbi mzima ukatafuna, macho juu ya picha, makombo yakishuka vifuani, na hakuna, hata mmoja, aliyeanza miguu.

Kwenye kiti cha ukutani Hendrikje alipinda mara mbili na kutapika. Kilikuwa kirefu, cheusi, kinachong'aa, kamba ya lami iliyotoka bila kukatika, na ilipogusa sakafu haikutapakaa. Iliingia kati ya mbao na kupotea. Alipoinua uso, macho yalikuwa ya mama.

"Ametoka," alisema. Akaangaza ukumbini, akasikiliza kutafuna kule. Akamshika binti yake mkono. "Aleida. Kaenda wapi?"

*

Sasa foleni ya makumbusho inazunguka kanisa na kufika darajani. Wanatoka Ujerumani kwa mabasi. Maelezo ya ukutani yamechapwa kwenye makopo ya chai, chini ya picha, kwa herufi za dhahabu. Hendrikje amelizima tanuri na kuapa halitawaka tena. Waoka wenzake wa mtaa wa pili wanaoka usiku na mchana, na watu wa mji mzima, ukipita nje ya madirisha yao yasiyo na mapazia, unawaona wamekaa mezani kimya, vidole vya kahawia, na kwenye vioo nzi wamenasa kwa ndani.

Diederik alikuja dukani mwenyewe, alasiri, skafu ya hariri imegandamana na kitu shingoni. Mkono mmoja ameshika mkataba. Mwingine sahani. Nyuma yake barabarani walisimama watu wengi, hawasemi, wamechangamka kama wageni wa harusi wanaomngoja bibi harusi atoke.

"Ajira ya kudumu," alisema. "Mshahara mzuri. Ofisi yenye dirisha. Umetufungua macho, Aleida. Kabla ya maneno yako tulikuwa tunatazama rangi." Akaweka sahani juu ya meza. Mchumba alikuwa mzima, mikono kiunoni, bado ana joto. "Mjini kila mtu keshakula. Umebaki wewe. Anakuuliza kila siku."

"Usile, mwanangu," alisema Hendrikje kutoka gizani mwa ngazi. "Nakuomba. Tutaishi. Mbwa wapo."

"Mnajua ni nini hicho?" aliuliza Aleida. Sauti yake ilikuwa haifiki mbali. "Mnajua alichofanya? Niliwaandikia. Mnajua mnakula nini?"

"Tunajua sote," alisema Diederik kwa upole, na meno yake yalikuwa meusi. "Ndiyo maana imekuwa tamu."

Akausogeza mkataba mpaka ukagusa sahani, na kalamu juu yake. Harufu ikapanda: mafuta, nywele, karafuu. Aleida aliitazama kahawia ile. Alijua jina lake, mtaa wake, koo alilolishika, tanuri lililomkausha. Hakuna aliye hai aliyeijua kuliko yeye. Mate yakamjaa mdomoni, mengi, ya moto, mpaka ikambidi afunge midomo yasimwagike. Mtu anayetaka kutapika mate humjaa hivyo hivyo. Na mwenye uchu pia. Alisimama pale, mama akimwita kwa nyuma, watu wakimngoja kwa mbele, akangoja naye ajue ni yapi.